Anasoma usiku kucha, mtihani unamkataa: kisa cha binti wa kidato cha tatu, Mbagala

Binti wa miaka 16, kidato cha tatu katika shule ya serikali ya kutwa wilayani Temeke, nyumbani kwao Mbagala. Majaribio ya Ijumaa anayafanya vizuri. Mada ya utoaji taka mwilini, kwa mfano, alipata 76 kwa mia siku mbili tu baada ya mwalimu wa Baiolojia kuimaliza. Wiki saba baadaye ukaja mtihani wa muhula. Maswali ya mada ileile yalikuwa na alama 30, akaambulia 9. Somo zima likaishia 34, ambayo kwa viwango vya Baraza la Mitihani ni D. C inaanzia 45.

Huyu ni mwanafunzi wa mfano, ameundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa wanafunzi wengi wa mjini, kwa hiyo alama zake zichukuliwe kuwa za kufafanulia. Takwimu za tafiti zinazotajwa humu ni za tafiti zenyewe.

Mama aliitwa shuleni. Mazungumzo yake na mwalimu wa taaluma hayakuwa marefu.

"Mwalimu, huyu mtoto kusoma anasoma. Mimi nalala namwacha na daftari, naamka namkuta na daftari."

"Nakuelewa mama. Ila karatasi yake ndiyo hii, nusu nzima hajaandika kitu."

Kila mtu akatoka na jibu lake. Mwalimu wa darasa aliamini tatizo ni simu. Mama aliamini mtoto ana kichwa kizito na dawa yake ni tuisheni ya pili, ya Jumamosi. Kituo cha tuisheni nacho kikasema binti ni "mtu wa kujifunza kwa kuona", anunuliwe chati za ukutani. Hili la mwisho lisitupotezee muda: mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti wa mitindo ya kujifunza wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaidika akifundishwa kwa mtindo "wake". Chati ya nefroni, yaani kichujio kidogo cha damu ndani ya figo, inamfaa kila mwanafunzi, kwa sababu nefroni ni kitu chenye umbo.

Ratiba yake ilikuwa hivi. Kuamka saa kumi na nusu alfajiri, kufika kituoni mapema kwa sababu makonda hawapendi kupakia wanafunzi wa nauli nusu asubuhi. Shule mpaka saa tisa. Tuisheni saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Foleni ya Barabara ya Kilwa, nyumbani saa moja na nusu. Chakula, vyombo, kufua sare. Kusoma kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku. Kwa hiyo uvivu ufutwe kwenye orodha ya sababu. Saa tatu za kusoma kila usiku zipo. Swali ni zinafanya nini.

Vipimo kabla ya dawa

Kosa la kawaida kwenye visa vya namna hii ni kuongeza saa za kusoma kabla ya kujua saa zilizopo zinapotelea wapi. Vipimo vinne vilitosha, na vyote havihitaji zaidi ya karatasi na saa ya ukutani.

Cha kwanza ni karatasi tupu. Jana usiku alisoma nefroni kwa saa nzima. Asubuhi anapewa karatasi nyeupe na dakika 10: andika na uchore kila unachokumbuka, daftari limefungwa. Mwalimu anakuwa ameshahesabu mambo ya msingi yaliyomo kwenye kurasa hizo. Hapa yalikuwa 20. Binti aliandika kichwa cha mada, akaandika maana ya utoaji taka neno kwa neno, akachora figo kwa nje, akaandika mshipa unaoingiza damu na unaoitoa. Halafu akakwama. Aliyopata ni matano, na yote yametoka ukurasa wa kwanza wa noti.

Jambo hilo la ukurasa wa kwanza ni la kuangaliwa. Kila usiku alikuwa anaanza mwanzo wa mada, anasoma kwenda mbele mpaka usingizi umshike. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umepitiwa mara nyingi, wa nne mara moja au mbili. Daftari lenyewe lilisema hivyohivyo: kaunta buku lake lilikuwa limechakaa na kujaa mistari ya rangi tatu kwenye kurasa za mwanzo wa kila mada, na jeupe kama jipya kwenye kurasa za mwisho. Hicho ndicho kipimo cha pili, na hakichukui hata dakika mbili: fungua daftari, tazama rangi zinaishia wapi.

Cha tatu ni utabiri. Kabla ya karatasi tupu aliulizwa, "Unadhani utapata mangapi kati ya 20?" Akasema 15. Pengo la 10 kati ya anachodhani anajua na anachoweza kutoa ndilo tatizo lenyewe limeandikwa kwa namba. Mwanafunzi anayejua kwamba hajui atarudi kwenye ukurasa wa nne. Huyu hakuwa na sababu ya kurudi.

Cha nne ni lugha. Mitihani ya sekondari ni ya Kiingereza, na ni rahisi kusema "tatizo ni Kiingereza tu" kisha watu wakaenda nyumbani. Aliulizwa maswali 12 kwa mdomo, sita yakianza kwa Kiswahili na sita yakianza kwa Kiingereza, siku iliyofuata zikabadilishwa. Kubadilishana huko ni kwa lazima: ukiuliza yote kwa Kiingereza leo na yote kwa Kiswahili kesho, kesho atafanya vizuri hata kama lugha haina tofauti, kwa kuwa ni mara yake ya pili kuulizwa. Matokeo: Kiingereza 3, Kiswahili 5. Lugha inamla alama, hilo ni kweli. Lakini maswali 7 kati ya 12 hakuyajua kwa lugha yoyote.

Kwa nini Ijumaa ilidanganya

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi za kisayansi. Kundi moja lilisoma kisha likasoma tena. Jingine lilisoma, kisha likafunga makala na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa juu: asilimia 81 kwa 75. Baada ya siku mbili mambo yakageuka, na baada ya wiki moja waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, waliojiuliza asilimia 56.

Soma tena mstari wa dakika 5. Jaribio la Ijumaa lililofanyika siku mbili baada ya mada, na binti akiwa amelipitia daftari asubuhi ileile kituoni, ni kipimo cha aina hiyo. Linampa tuzo mwanafunzi anayesoma na kurudia kusoma, linamwambia njia yake ni sahihi, na linamwambia mwalimu kwamba mada imeeleweka. Wote wawili wanadanganywa na karatasi moja.

Utafiti uliofuata wa Karpicke na Roediger, wa mwaka 2008, unatuhusu kwa njia ya kuchekesha kidogo: vifaa vyao vilikuwa maneno ya Kiswahili. Walichukua jozi 40 za neno la Kiswahili na maana yake, wakawapa wanafunzi wa Kimarekani wasiokijua Kiswahili kabisa. Wote walifika mahali pa kuyajua maneno yote. Tofauti ilikuwa kinachofuata baada ya kulipata neno mara ya kwanza. Makundi mengine yaliendelea kuulizwa neno hilo. Mengine yaliacha kuulizwa, hata kama yaliendelea kulisoma. Baada ya wiki moja walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu asilimia 80. Walioacha kuulizwa walibaki kwenye theluthi moja hivi. Kuendelea kulisoma neno baada ya kulijua hakukuongeza chochote cha maana. Na walipotakiwa kutabiri, makundi yote yalidhani yangekumbuka karibu nusu. Hawakuhisi tofauti yoyote ndani yao. Huyo ndiye binti wetu na 15 zake.

Sababu yake si ngumu. Unaposoma noti mara ya tano, macho yanateleza, kila sentensi unaitambua, na akili inachukua ule wepesi wa kutambua kama dalili ya kujua. Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili. Mtihani wa maelezo hauonyeshi sentensi na kuuliza kama umeshawahi kuiona. Unataka uitoe kwenye hewa tupu. Kazi hiyo ya kutoa, binti alikuwa anaifanya kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani.

Kuna bango linalopenda kubandikwa kwenye vituo vya tuisheni, kwamba mtu husahau asilimia 70 ya anachosoma ndani ya siku moja. Asili yake ni Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Alichokuwa anakariri ni silabi zisizo na maana yoyote. Umbo la mchoro wake, kwamba kusahau huanza kwa kasi kisha hupungua, limethibitishwa mara nyingi. Ile asilimia yenyewe haihami kwenda kwenye somo la figo, ambalo lina maana na mpangilio. Mwalimu anayewatajia wanafunzi namba hiyo anawatisha bila sababu.

Na kukariri? Walimu wengi hulitaja kana kwamba ni ugonjwa. Binti huyu hakukosa kwa sababu alikariri mno. Huwezi kueleza kwa nini mkojo wa mtu mzima wa afya hauna glukosi kama hukumbuki kwamba glukosi huchujwa kwanza pamoja na maji na yurea, kisha hufyonzwa yote kurudi kwenye damu kwenye sehemu ya mwanzo ya mirija ya nefroni. Kufikiri kunataka malighafi, na malighafi yenyewe ni kumbukumbu.

Lugha na nafasi ndogo ya kichwani

Mtu anapofikiri hushika mambo machache kwa wakati mmoja. George Miller mwaka 1956 alitaja saba, ukiongeza au kupunguza mawili. Nelson Cowan mwaka 2001 alishusha makadirio hadi manne hivi. Jambo moja linaweza kuwa kubwa likiwa limeshafungwa pamoja. Kwa mwalimu, uchujaji kwenye nefroni ni fungu moja. Kwa binti anayesoma sentensi ya Kiingereza yenye maneno matatu mapya, kila neno linakalia nafasi yake, na nafasi zikijaa maana ya sentensi haina pa kukaa. Anamaliza ukurasa akiwa amesoma maneno yote na hajaelewa tukio lolote.

Kwa hiyo mpangilio uligeuzwa. Maneno kumi ya mada hufundishwa na kuulizwa kwanza, kabla ya maelezo. Halafu tukio zima huelezwa kwa Kiswahili: damu inaingia kwa shinikizo kwenye fundo la vimishipa, maji na vitu vidogo vinapenya, chembe za damu na protini kubwa zinabaki. Akishaweza kulisimulia kwa Kiswahili bila daftari, ndipo analiandika kwa Kiingereza. Kosa linalofanyika sana ni kuishia hapo kwenye Kiswahili, kwa kuwa mwanafunzi anafurahi na mwalimu anaona ameelewa. Kumbukumbu hushikamana na mazingira ilikojengwa, lugha ikiwemo. Viorica Marian na Ulric Neisser walionyesha mwaka 2000 kwamba watu wanaojua Kirusi na Kiingereza walikumbuka zaidi mambo ya maisha yao ya Kirusi walipohojiwa kwa Kirusi. Mtihani ni wa Kiingereza, basi mara mbili za mwisho za kujiuliza, angalau, ziwe za Kiingereza na za kuandika.

Mpango

Jumla ya muda wa kusoma ilipunguzwa kutoka saa tatu hadi saa moja na nusu kwa usiku. Mama alishtuka kidogo. Sababu ni usingizi: alikuwa analala kwa muda wa saa nne na nusu tu, wakati wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Tangu jaribio la Jenkins na Dallenbach mwaka 1924 inajulikana kwamba mtu husahau machache akilala baada ya kujifunza kuliko akikesha macho kwa muda uleule. Nane hazikupatikana, kwa sababu ya alfajiri ya kituoni. Sita zilipatikana.

Nguzo ya kwanza ni karatasi tupu, mara nne kwa kila mada ndogo: usiku wa siku iliyofundishwa, siku mbili baadaye, wiki moja baadaye, na wiki tatu baada ya hapo. Dakika 8 za kuandika kwa kalamu ya bluu, daftari likiwa chumba kingine. Kisha dakika 5 za kufungua daftari na kusahihisha kwa nyekundu: kilichosahaulika, kilichokosewa. Nyekundu ndiyo ya kusomwa, bluu inaachwa. Karatasi inawekewa tarehe na kuhifadhiwa, na safari inayofuata anaanza kwa kuandika yale yaliyokuwa nyekundu. Utaratibu huu peke yake ulimaliza tatizo la ukurasa wa kwanza.

Kwa nini wiki tatu? Nicholas Cepeda na wenzake waliwapima zaidi ya watu 1,350 na kuchapisha mwaka 2008. Pengo bora kati ya kusoma na kurudia lilitegemea mtihani uko mbali kiasi gani: kwa mtihani wa baada ya siku 7, pengo lililofaa ni siku 1; kwa siku 35, pengo la 11; kwa siku 70 na hata 350, pengo la 21. Mwanafunzi anayerudia kila mada kesho yake na kuishia hapo amejipanga kwa ajili ya Ijumaa tena.

Nguzo ya pili ni kadi. Karatasi moja ya manila, mistari ya kugawa nne kwa nane, mkasi, kadi 32. Bahasha tatu za kaki: ya kila siku, ya kila siku ya tatu, ya Jumapili. Ni mtindo wa Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani aliyeueneza miaka ya 1970. Kadi ikijibiwa sawa inasogea bahasha moja mbele. Ikikosewa inarudi ya kwanza, hata kama ilikuwa ya Jumapili. Kadi haitoki mpaka ijibiwe sawa Jumapili tatu. Wanafunzi huiona sheria hii ya mwisho kama uonevu, wanataka kuitupa kadi wakiipata mara moja. Maneno yale 40 ya Kiswahili yameshajibu.

Kadi zenyewe zinaweza kuharibu kila kitu. Wiki ya kwanza aliandika kadi kama hii: mbele "Nefroni", nyuma aya nzima ya noti. Hiyo ni daftari lililokatwa vipande. Hakuna jibu la sawa au kosa, anaigeuza na kusema "hii naijua". Iligawanywa kuwa kadi sita, kila moja ikiwa na swali lenye jibu la mstari mmoja:

Ni nini kinachosukuma maji kutoka kwenye damu kuingia kapsuli ya Bowman? 
Taja vitu viwili visivyopenya, na kwa nini. 
Glukosi inarudi kwenye damu sehemu gani ya nefroni? 
Ikiwa figo huchuja lita 180 hivi kwa siku na mkojo ni lita 1 hadi 2, nyingine zimekwenda wapi? 
Homoni ya ADH ikiongezeka, mkojo unakuwaje? 
Chora kitanzi cha Henle na uonyeshe mwelekeo wa kimiminika.

Ya nne na ya tano ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu haziwezi kujibiwa kwa kurudisha sentensi ya kwenye noti.

Kadi mpya zisizidi 12 kwa siku kwa masomo yote. Watu hudharau kikomo hiki. Kadi 30 mpya kila siku zinaonekana kazi ndogo Jumatatu. Ifikapo wiki ya pili marudio ya kila siku yamepita 80, mwanafunzi anaruka siku moja, kesho yake anakutana na mlima, na bahasha zinahamia uvunguni. Kwa kadi 12 mpya, kazi ya siku nzima ilikaa chini ya dakika 25.

Hisabati ilipewa badiliko moja tu. Badala ya maswali kumi ya kipengele kimoja, maswali mawili mawili ya vipengele vitano, yamechanganywa. Doug Rohrer na Kelli Taylor mwaka 2007 waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Wakati wa mazoezi, waliofanya umbo moja moja walipata asilimia 89 na waliochanganya 60. Wiki moja baadaye: 20 kwa 63. Zoezi likiwa la aina moja, mwanafunzi haamui atumie kanuni gani, kichwa cha zoezi kimeshamwambia. Karatasi ya mtihani haina kichwa hicho.

Palipokwama

Wiki ya pili binti alitaka kuacha. Alisema zamani alikuwa anaelewa akisoma, sasa kila usiku anaona alivyo mjinga. Hilo litegemewe, litajwe mapema kabla halijatokea. Robert Bjork aliita hali hii ugumu wenye manufaa: kinachomfanya mtu ahisi anakwenda polepole ndicho kinachoimarisha kumbukumbu. Maneno matupu hayakumshawishi. Kilichomshawishi ni karatasi mbili za mada moja, ya kwanza na ya tatu, zimewekwa kando kwa kando, nyekundu ikiwa imepungua.

Kukwama kwa pili kulikuwa kituoni. Alianza kupitia kadi akisubiri gari, na katika msukumano wa saa kumi na mbili kasoro alikuwa anageuza kadi kabla ya kujibu. Akili hujidanganya haraka sana hapo, jibu likionekana linafanana na ulichotaka kusema. Sheria ikawa kutamka jibu, hata kwa kunong'ona, kabla ya kidole kugusa kadi. Asipoweza kutamka, kadi zikae mfukoni. Ndani ya daladala ya kusimama zikae mfukoni vilevile.

La tatu lilikuwa zito zaidi. Kadi mbili alizinakili vibaya: alibadilisha mshipa unaoingia na unaotoka, akazijibu "sawa" kwa siku nne mfululizo. Kujiuliza huimarisha kinachotolewa, kiwe sahihi au la. Ndiyo maana kadi mpya zinatakiwa kupitiwa na mwalimu au mwanafunzi mwingine mara moja kabla hazijaingia bahasha ya kwanza. Ilichukua wiki nzima kuking'oa kilichokuwa kimeshakaa.

Upande wa darasa

Mwalimu wa Baiolojia ana wanafunzi 70 kwenye mkondo na kipindi cha dakika 40. Kugawa kadi kwa wote haiwezekani, na kusahihisha karatasi tupu 70 kila siku hakuna atakayekubali. Kilichowezekana ni dakika 5 za mwanzo wa kipindi, maswali matatu ubaoni: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wote wanaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari, kimya, dakika 3. Kisha majibu yanasomwa na kila mmoja anajisahihisha.

Vitu viwili huliua zoezi hili. Kwanza, kuuliza kwa mdomo na kupokea mikono iliyonyooshwa: watano wanakumbuka, 65 wanawasikiliza. Pili, kuingiza alama kwenye rejista. Alama zikianza kurekodiwa, kuchungulia kunaanza siku ileile, na aliyechungulia hajajiuliza chochote. Bila alama, maswali ya mara kwa mara hata hupunguza woga: kwenye utafiti wa Pooja Agarwal na wenzake wa mwaka 2014, asilimia 72 ya wanafunzi walisema mazoezi ya namna hii yaliwapunguzia wasiwasi wa mitihani.

Pingamizi la walimu ni silabasi kutokwisha. Ni hoja ya kweli, dakika 5 ni moja ya nane ya kipindi. Ila shule hiyohiyo hutumia wiki mbili kabla ya mtihani kufundisha upya mada za mwanzo wa mwaka kana kwamba hazikuwahi kufundishwa. Muda unalipwa, ama kidogo kidogo ama kwa mkupuo.

Matokeo

Mada iliyofuata, ya udhibiti wa hali ya ndani ya mwili, jaribio la Ijumaa lilimpa 70, chini ya ile 76 ya zamani. Mwalimu wa darasa akaona mpango umefeli, na kama si maelezo ya dakika 5 na wiki moja yaliyotolewa mapema, ungekatishwa hapo. Baada ya wiki saba maswali ya mada hiyo yalimpa 19 kati ya 30. Somo zima likapanda hadi 51. Kwenye karatasi tupu utabiri wake ulikuwa 13, akapata 12, na huenda badiliko hilo ni kubwa kuliko la alama: sasa anajua asichokijua.

Kisichosogea ni maswali ya hali mpya. Swali moja lilimhusu konda anayefanya kazi mchana kutwa kwenye joto la Februari, bila kunywa maji ya kutosha: eleza kwa nini mkojo wake ni kidogo na una rangi kali. Lilikuwa na alama 6, akapata 2. Aliijua ADH, homoni inayoifanya figo irudishe maji mwilini, alikijua kitanzi cha Henle, alizijibu kadi zote mbili sawa Jumapili iliyotangulia. Hakuona kwamba konda anayetoka jasho ndiye swali la ADH.

Kadi za vipande hazitoshi kwa hilo, na kuongeza kadi za aina ileile kungekuwa kupoteza nguvu. Kwa muhula unaofuata bahasha ya Jumapili inabadilishwa. Badala ya kadi zote, anachukua tatu bila kuchagua na kuandika kwa Kiingereza aya moja inayoziunganisha kueleza hali ambayo haimo kwenye noti: mtu mwenye kisukari, mtoto anayeharisha, mvuvi wa Kigamboni aliyekunywa maji ya chumvi. Mwalimu husoma aya moja kwa wiki na kuweka alama mahali mnyororo wa sababu ulipokatika. Tuisheni ya Jumamosi haikuongezwa. Saa mbili ambazo ingechukua amebaki nazo, na ya kwanza kati yake ni ya kulala.